Waya wa Katikati

Gololi ya chuma kizuri ikipigwa nyundo huvunjika vipande viwili vikavu, na ndani yake huwa laini, ya kijivu, kama kigae cha bakuli. Hii ilibonyea. Ganda lake lilichanika upande mmoja na ndani kukatokeza chembe kubwa kubwa nyeusi. Luan Guizhen aliitazama pale juu ya fuawe, nyundo bado mkononi.

Gunia zima lilikuwa linanuka. Lilirudishwa asubuhi ile kutoka kiwanda kimoja cha vitovu vya magurudumu katika mkoa wa jirani, na gololi zilizokuwamo zilikuwa zimegandamana kwa grisi iliyoungua, nywele, makapi ya ngano na uchafu mwekundu ambao hakutaka kujua kama ni kutu au ni kitu kingine. Barua iliyokuja nalo ilisema mwanamke mmoja alikuwa akishuka mteremko na pikipiki yake ya matairi matatu imejaa matikiti, tairi la nyuma likakwama ghafla. Bega lilivunjika. Habari za matikiti hazikuandikwa.

"Haya, Jicho," alisema Pang Deshun, mkuu wa tanuri, aliyesimama nyuma yake mikono mfukoni. "Niambie sasa tanuri langu limekosa wapi."

"Umezitoa kabla hazijaiva. Au ulikuwa umelala."

"Mimi hulala saa ya chakula, na kila mtu ananiona. Moto ni uleule, mafuta ni yaleyale, dakika ni zilezile." Pang alikohoa, akavuta kohozi, akatema kwenye sakafu karibu na kiatu chake, kama alivyokuwa akifanya kwa miaka ishirini na sita. "Wale wageni wa vitovu wanafika saa tisa. Bosi amesema atanisimamisha mbele yao na kunifukuza. Mbele yao, Luan. Hata mbwa huulizwa kwanza kama ni yeye aliyekula."

Luan alilitazama lile kohozi. Hawakupendana, hilo kiwanda kizima kilijua. Pang aliita kazi ya Luan kutazama fataki, naye Luan aliita kazi ya Pang kuchemsha mayai. Kwa hiyo ilimshangaza kuona yule mzee amevua kofia yake.

"Usinionee huruma," Pang alisema. "Chukua hiyo gololi uitie kwenye jiwe lako. Basi."

Kazi ya Luan ilikuwa kuchagua chuma. Waya haukuingia kwenye mashine ya kukatia gololi mpaka yeye aukubali, na hakuukubali kwa karatasi ya muuzaji. Alikata kipande, akaingia kwenye kona aliyoitundikia pazia jeusi, akakigusisha kwenye jiwe la kunolea linalozunguka na kuzisoma cheche. Chuma cha kromu, kile cha gololi za kubeba uzito, hutoa cheche fupi za rangi ya chungwa, zenye maua madogo yaliyobanana. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu nyeupe zenye maua makubwa ya kujionyesha. Bosi aliwahi kununua mashine ya kupima, ikaharibika mwaka wa pili, ikafunikwa kitambaa. Luan hakuharibika, na kwa muda wa miaka ishirini na tatu mji wetu, ambao kila nyumba ya tatu ina mtu anayenuka grisi, ulisema jicho lake haliongopewi.

Aliishika gololi kwa koleo, akaingia nyuma ya pazia. Pang alimfuata bila kukaribishwa.

Cheche zilitoka ndefu na nyeupe. Zilifika ukutani.

"Hata mimi kipofu naona," Pang alisema taratibu. "Chuma cha jembe hicho. Unanipa jembe nikuokee gololi, halafu unaniambia nimelala."

Kosa la jembe ni hili: ukilitia kwenye moto na mafuta yaliyopimiwa kromu, linakuwa gumu ngozi tu, na moyoni linabaki laini. Kipimo cha ugumu hugusa ngozi. Luan alilijua hilo kabla Pang hajafunga mdomo. Alichokuwa hajui ni jinsi chuma kile kilivyompita.

Walikwenda ghalani. Marobota thelathini na moja ya waya yalikuwa yamepangwa pale, kila moja nusu tani, yote kutoka kwa muuzaji mmoja aliyeanza kuwaletea baada ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, miezi mitano iliyopita. Luan alifanya kama alivyofanya siku zote. Aliushika mkia wa nje wa robota, akapima dhiraa moja akaitupa, akakata shubiri moja iliyofuata. Alirudi na kipande kwenye jiwe. Cheche zikatoka fupi, za rangi ya chungwa.

"Kromu," alisema.

"Sasa mchawi ni nani?"

Luan alirudi ghalani, akavua glavu na kuupitisha waya kati ya vidole, polepole, kutoka pale alipokata kuelekea ndani. Waya ulikuwa umepakwa mafuta meusi mazito kuliko ilivyo desturi. Hatua ya pili, chini ya yale mafuta, kidole gumba kilikutana na kitu. Hakikuwa nundu hasa, kwa kuwa mtu alikuwa amekisugua vizuri kwa msasa. Aliufuta waya kwa nguo yake mwenyewe. Chuma kilibadilika rangi pale, bluu kidogo, kama ukucha uliobanwa mlangoni.

Waya ulikuwa umeungwa kwa kuchomewa. Mkia wa kromu, urefu wa hatua mbili, na nyuma yake nusu tani ya jembe.

"Mbona hukukata ncha ya pili?" Pang aliuliza. "Sheria si inasema kata nje, kata na ndani?"

Sheria ilisema hivyo. Lakini ncha ya ndani haipatikani bila kulipindua robota kwa winchi, na winchi iligoma-goma, na mgongo nao uligoma, na mwaka mmoja baada ya mwingine Luan alizoea kusema kwamba anayejua kusoma hahitaji kusomewa mara mbili. Watu walicheka, wakalisifu neno lile. Aliona haya kulikumbuka.

"Nilijiamini," alisema.

Pang alifungua mdomo kutema, akaghairi, akameza. Lilikuwa jambo la adabu kuliko yote aliyowahi kumfanyia Luan.

Bosi Teng, ofisini mwake, alimsikiliza Luan mpaka mwisho, huku akibangua mbegu za tikiti. Alizivunja kwa meno ya mbele, akasukuma maganda kwa ulimi, yakaanguka mezani yamelowa mate, mengine juu ya vyeti vya chuma vyenye muhuri wa Luan.

"Kaa, Fundi. Unywe chai."

"Sitaki chai. Pang hana kosa. Chuma ndicho kibovu, na ni mimi niliyekipitisha."

"Nimesikia." Ganda lingine likaanguka. "Sasa nisikilize na wewe. Tanuri ni kosa la siku moja. Gunia moja, samahani, mambo yamekwisha. Chuma ni kosa la miezi mitano. Unajua ni gololi ngapi hizo, ziko kwenye magurudumu mangapi?"

"Najua. Nimezipigia muhuri."

"Basi usiongee kama mpita njia. Pang mwakani anastaafu. Anaondoka mapema kidogo, hilo tu. Yale marobota yaliyobaki tutayafanya gololi za makabati, mtu akifungua droo hafi. Na jina lako linabaki safi." Alipotamka safi alibandua ganda lililomganda mdomoni, akalipaka chini ya meza.

"La kuvunda halina ubani, Bosi."

"Hili halijavunda. Limenuka kidogo."

Luan alitoka. Kusema kweli, na hapa hakuna haja ya kumsitiri, lile neno lilimwingia. Alitembea uani kwenye jua kali, akiwaza kwamba Pang kweli ni mzee, kwamba Pang kweli hutema mate, kwamba wanawe wanampelekea matumizi kila mwezi. Wazo lilimkalia kwa raha, kama paka aliyepata mto. Kisha akalitambua kuwa ni lake, si la Bosi tena, akashika ukuta na kutapika chai ya asubuhi na vipande vya keki.

Keki ilikuwa ya gundi ya ngozi ya punda, iliyotiwa tende na lozi, dawa ya damu kwa wanawake wa umri wake. Alikula kipande kila asubuhi. Alikuwa akiletewa boksi jekundu kila mwezi, na aliyemletea alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini saa saba hiyo, na lori lenye marobota mengine sita.

Zhai Yongfeng alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka minane, hapo kwenye kona ya pazia jeusi, kabla hajageuka kuwa muuzaji wa waya. Sasa alikuwa na miaka arobaini na kitambi, na alishuka kwenye lori akiwa amelikumbatia boksi.

"Fundi wangu! Umepungua. Keki zangu unazila kweli au unawapa majirani?"

"Nimezitapika sasa hivi, ziko pale ukutani. Ukitaka nenda ukazione."

Zhai alicheka, akatazama ukutani, akaacha kucheka. Luan hakumpa nafasi ya kuuliza hali.

"Nani alikufundisha kuchomea mkia?"

Mtu mwingine angeruka kimanga. Zhai aliweka boksi juu ya boneti ya lori, akalinyoosha likae sawa.

"Kuchomea nilijifunza mwenyewe," alisema. "Pa kuchomea ulinifundisha wewe. Dhiraa moja tupa, shubiri moja kata. Miaka minane, Fundi, sikukuona hata siku moja ukienda hatua ya tatu."

"Mwanamke amevunjika bega."

"Wauzaji wote wa soko hili wanachanganya. Mimi angalau nilikuwekea hatua mbili za kromu safi. Wengine hawana hata heshima hiyo."

"Heshima."

"Nilijua usingependa kuona cheche mbaya." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, na hapo ndipo kinyaa kilipompanda Luan mpaka kwenye meno. Zhai angekuwa amemtukana, naye angeweza kumtukana. Lakini yule mtu alikuwa amekaa mahali, akaufikiria mkono wake, urefu wa hatua zake, uzee wa mgongo wake, kiburi chake, akavipima vyote kama fundi nguo anavyompima mteja, kisha akaenda dukani kumnunulia dawa ya damu. Miezi mitano alimvika kilemba cha ukoka naye akakivaa, akajitazama kiooni.

"Shusha marobota yako," alimwambia.

"Utayapokea?"

"Shusha."

Saa tisa wageni walifika wawili: dereva, na mhandisi mmoja mwanamke, jina lake Xing, viatu vyake vimejaa makapi kwa sababu wakulima walikuwa wameanika ngano barabarani na gari lilibidi kusimama mara kwa mara. Hakutaka chai wala kivuli. Alisimama mlangoni mwa tanuri na kitabu chake kidogo, na Bosi Teng akaanza kueleza, kwa sauti nzuri, jinsi kipima joto kilivyopuuzwa na mfanyakazi mmoja wa siku nyingi ambaye kwa bahati mbaya umri umemshinda.

Pang alisimama kando na kofia yake. Alikuwa ameivaa, akaivua, akaivaa tena. Alimtazama Luan mara moja tu, akaangalia chini, kwa kuwa hakutarajia kitu.

"Tanuri halina kosa," Luan alisema.

Bosi hata hakugeuka. "Fundi Luan amechoka, joto hili. Fundi, nenda ukapumzike."

"Mimi ndiye ninayechagua chuma hapa. Nilipitisha chuma cha jembe kama kromu, tangu sikukuu mpaka leo. Vyeti vyote mlivyonavyo vina muhuri wangu, na vyote ni takataka." Aliongea haraka, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. "Njoo nyuma ya pazia nikuonyeshe. Kisha tutakwenda ghalani, kwa maana hapo utaniuliza kama ni robota moja au yote, nami sijui."

Mhandisi Xing alifunua ukurasa mpya. "Vyote?"

"Vyote."

"Unajua unachosema? Gololi hizo zimo kwenye magari ya watoto wa shule."

"Najua zaidi yako. Mjukuu wa jirani yangu anapanda mojawapo."

Bosi Teng aliangua kicheko kifupi, akautazama uso wa mhandisi, akakimeza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Luan peke yake, neno ambalo haliandikwi.

Pazia la kona halikutosha watu wote, wala ghala halikuwa na umeme wa kutosha, kwa hiyo Pang alilibeba jiwe la kunolea mpaka uani, akavuta waya wa umeme dirishani, akatundika magunia juu ya jiwe kufanya giza. Hakuna aliyemtuma. Alipomaliza alichukua mkasi mkubwa wa chuma, akasimama kando ya robota la kwanza lililoviringishwa kutoka ghalani.

"Wapi?" aliuliza.

"Katikati," Luan alisema. "Usiguse ncha yoyote. Kata mishipi."

Mishipi ilikatika, na waya uliokuwa umefungwa kwa nguvu ukaruka na kutanuka, ukabingirika mpaka karibu na lori la Zhai. Zhai alikuwa tayari kwenye usukani, lakini geti lilikuwa nyuma ya waya. Alipiga honi mara moja. Hakuna aliyegeuka.

Robota la kwanza lilitoa cheche nyeupe. La pili pia.

"Nyeupe," Luan alisema kila mara, na mhandisi akaandika. Alipofika la tano sauti yake ilikuwa imekwisha, akawa anatikisa kichwa tu. Kila cheche nyeupe ilimwangukia kwenye vidole visivyo na glavu na hakuvuta mkono. Pang alitaka kumletea glavu, Luan akamzuia kwa jicho.

"Miezi mitano," Pang alinong'ona, akivuta pumzi, "nimekuwa nikikuchomea majembe. Ningejua ningekulipisha kuni."

"Kata."

La sita, nyeupe. La saba, nyeupe. La nane walilipindua wote wawili, bega kwa bega, kwa sababu winchi iligoma, nalo pia likawa jeupe. Bosi Teng alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi, hana mbegu tena mkononi.

La tisa Pang alilikata katikati kama mengine, akampa kipande. Luan alikigusisha kwenye jiwe. Cheche zilitoka fupi, za rangi ya chungwa iliyoiva, maua yake madogo yamebanana kama yalivyokuwa tangu siku ya kwanza alipofundishwa kuyasoma.

Mhandisi aliinua kalamu. "Hili ni zuri?"

Luan alikigusisha tena. Chungwa.

"Hili ni kromu, Fundi," Pang alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Hata mimi naliona. Kuna moja zuri, angalau."

"Kata mbele kidogo. Hata ile mikia ilikuwa na cheche za chungwa."

Akakata. Cheche za chungwa.

"Mbele tena."

"Luan. Ni zuri."

"Mbele tena."

Pang aliusogeza mkasi hatua nyingine tatu kwenye waya uliotapakaa, akakata, akampa. Alikichukua, akainama chini ya magunia na uso wake karibu kabisa na jiwe, karibu kuliko inavyofaa. Cheche zilimgusa nyusi. Miguuni pake vipande vya chuma kizuri vilikuwa vinaongezeka, shubiri moja moja, na mhandisi bado alikuwa amesimama na kalamu juu ya karatasi, anasubiri aambiwe aandike nini.

"Kata tena," Luan alisema.